Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Medali Zetu za Olimpiki Bado ni Mbili?

Tangu Alphonce Felix Simbu aliposhinda mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, barua zinazoletwa kwenye ukurasa huu zimeziacha kwa muda habari za Simba na Yanga na kugeukia vikosi vya taifa vinavyokwenda kwenye Olimpiki na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Nimechagua chache, nikazifupisha zile zilizokuwa ndefu mno, na kama ilivyo desturi yetu majina ya walioziandika sikuyataja.

Mhariri, sisi mafundi cherehani wa hapa Tandika tumebishana mpaka kazi za watu zikalala. Mwenzetu anasema Tanzania imepata medali mbili tu za Olimpiki tangu ianze kushiriki, na kwamba hata hizo zilipatikana kwa sababu Wamarekani hawakwenda Moscow. Je, ni kweli? (Fundi, Tandika)

Ndugu fundi, nusu ya kwanza ya maneno ya mwenzako ni kweli tupu. Nusu ya pili inataka kuchambuliwa. Medali zote mbili ni za fedha, zote ni za riadha, na zote zilipatikana katika Michezo ya Moscow ya mwaka 1980. Filbert Bayi alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 12.5, na Suleiman Nyambui akashika nafasi ya pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Tangu hapo hatujaongeza hata moja.

Kuhusu ususiaji, jiji letu lina kumbukumbu yake. Mapema mwaka huo Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma bondia Muhammad Ali barani Afrika ili azishawishi nchi zisiende Moscow, kwa kuwa majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow. Kenya haikwenda, na kwa mbio zetu hilo lina uzito kuliko kukosekana kwa Wamarekani, maana Mkenya Henry Rono ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi za dunia za mita 5,000 na za mita 3,000 za viunzi na maji, rekodi alizoziweka mwaka 1978. Hakuna awezaye kuapa kwamba Bayi na Nyambui wangemaliza pale walipomaliza kama Rono angekuwa uwanjani. Hata hivyo, waliowatangulia hawakuwa watu wa kuokoteza. Yifter alikuwa na medali ya shaba ya mita 10,000 tangu Munich 1972, na Bronisław Malinowski wa Poland alikuwa na medali ya fedha ya viunzi na maji kutoka Montreal 1976. Bayi, ambaye jina lake lilikuwa limejengwa na mita 1,500, aliongoza mbio hizo za viunzi na maji kwa kasi kubwa tangu mapema, na Malinowski akampita katika mzunguko wa mwisho tu.

Mwambie mwenzako aihesabu pia Montreal. Mwaka 1976 waliosusia walikuwa sisi, pamoja na nchi nyingine za Afrika zaidi ya 20, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na nchi yake ikaachwa ishiriki Olimpiki kana kwamba halikutokea jambo. Bayi alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, akimshinda John Walker wa New Zealand nyumbani kwao, kisha akavunja ile ya maili moja huko Kingston, Jamaika, mwezi Mei 1975. Dunia nzima ilisubiri wawili hao wakutane Montreal. Walker alichukua dhahabu bila Bayi, kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ambao ni mrefu kuliko rekodi ya Bayi kwa karibu sekunde 7. Mbio za kugombea ubingwa huwa za kuviziana, kwa hiyo saa peke yake haithibitishi kitu. Lakini kama tunapunguziwa sifa za Moscow kwa sababu wengine hawakuwapo, basi haki ni kutuandikia kitu fulani kwa Montreal, ambako tulikosa kwa hiari yetu na kwa sababu ambayo mimi naamini ilikuwa ya haki.

Kuna habari moja ya Moscow ambayo watu huicheka nami huichukulia kwa uzito. Tanzania ilipeleka huko hata timu ya wanaume ya mpira wa magongo, baada ya nchi nyingine kujitoa, nayo ilifungwa na India mabao 18 kwa bila na kumaliza ya sita kati ya timu sita. Ni kipigo cha kihistoria, sikatai. Lakini mwaka ule kikosi chetu kilikuwa kipana: palikuwa na wakimbiaji wa kiume na wa kike, mabondia, na hao wa magongo. Medali mbili zilitoka katika kikosi cha namna hiyo, na sijaona kwamba ni bahati tu.

Barazani kwetu kuna mzee anayeshikilia kwamba John Stephen Akhwari hakuwa wa mwisho Mexico, na kwamba hadithi yake imetiwa chumvi. Tunaomba usuluhishi. (Mstaafu, Ilala)

Shikamoo mzee wangu. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26, na Akhwari, aliyekuwa ameanguka njiani na kuumia goti, aliingia uwanjani akiwa wa 57 kwa saa 3:25:27, giza limekwisha kuingia na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Wakimbiaji wengine 18 walioanza mbio hizo hawakumaliza kabisa. Maneno yake kwamba nchi yake haikumtuma umbali wote ule aende kuanza mbio bali aende kuzimaliza yamenukuliwa duniani kote, na sioni chumvi hapo.

Kinachosahauliwa, na pengine ndicho kinachomsumbua huyo mzee, ni kwamba Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari hasa. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh ya 1970, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Kumkumbuka kwa bandeji ya goti peke yake ni kumpunja.

Kama Simbu ni bingwa wa dunia, kwa nini bado mnasema tuna medali mbili? Hiyo ya Tokyo haihesabiwi? (Mwanafunzi wa chuo, Mwenge)

Inahesabiwa, ila katika daftari jingine. Mashindano ya Dunia ya Riadha ni ya mchezo mmoja na yako chini ya shirikisho la riadha la dunia. Olimpiki hukusanya michezo mingi na iko chini ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ambayo hapa nchini inawakilishwa na Kamati ya Olimpiki Tanzania, TOC. Ushindi wa Simbu ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya riadha. Alimaliza kwa saa 2:09:48, muda ule ule ulioandikwa kwa Mjerumani Amanal Petros, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua kwamba Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 na ushei!

Lakini nakuomba uitazame njia aliyopita kabla ya siku hiyo. Mwaka 2016 alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mwaka uliofuata akapata shaba ya dunia jijini London. Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, na marathoni yake kuhamishiwa Sapporo kwa kuogopa joto, alikuwa wa saba. Mwaka 2022 akapata fedha ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, nyuma ya Mganda Victor Kiplangat. Paris, mwaka 2024, kwenye njia yenye milima mikali, akawa wa 17. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na Septemba akatwaa dhahabu. Katika muda wote huo, kila tulipopeleka kikosi kwenye michezo mikubwa, matumaini yetu ya medali kwa kiasi kikubwa yalikuwa juu ya mwanajeshi huyu mmoja wa JWTZ. Sapporo ndiyo inayoonyesha hali hiyo waziwazi, kwa kuwa Tanzania ilikuwa na wanamichezo watatu tu katika Olimpiki nzima, yaani Simbu, Gabriel Geay na Failuna Matanga, na wote watatu walikuwa wa marathoni. Paris tulikuwa na saba. Mtu mmoja akiamkia vibaya siku ya mbio, na kila mkimbiaji huamkia vibaya siku fulani, taifa zima linarudi mikono mitupu, kisha tunakaa kuuliza ni nani aliyetuangusha.

Waganda wana milima na sisi tuna milima. Wametupita wapi? (Dereva wa daladala, Kimara)

Swali fupi, nalo ndilo gumu kuliko yote ya mwezi huu.

Waganda walipata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1972, John Akii-Bua aliposhinda mita 400 za kuruka viunzi huko Munich, kisha wakakaa miaka 40 bila dhahabu nyingine mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London 2012. Kwa hiyo hata wao walikuwa na jangwa lao. Tofauti ni yaliyofuata. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Joshua Cheptegei alipata dhahabu ya mita 5,000 na fedha ya mita 10,000, Jacob Kiplimo akapata shaba katika mita 10,000 hizo hizo, na Peruth Chemutai akashinda viunzi na maji kwa wanawake. Paris, Cheptegei akachukua dhahabu ya mita 10,000 na Chemutai akapata fedha. Kati ya London na Tokyo palikuwa na mashindano ya dunia ya mbio za nyika ya mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, ambako timu ya wanaume ya Uganda ilitwaa ubingwa wa dunia. Hapo ndipo penye jibu. Mbio za nyika huhesabu nafasi za wakimbiaji kadhaa wa nchi moja, na nchi yenye nyota mmoja haiwezi kuzishinda hata nyota huyo awe wa kwanza. Vijana wa Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, walikua pamoja, wakafanya mazoezi pamoja, wakachoshana wao kwa wao kabla ya kukutana na Wakenya na Waethiopia.

Na sisi tuliwahi kuwa hivyo. Bayi ni wa Karatu na Akhwari ni wa Mbulu. Gidamis Shahanga na Juma Ikangaa waliwafuata, na katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane ya 1982 wawili hao walirudi wote na medali, Shahanga dhahabu ya mita 10,000 na Ikangaa fedha ya marathoni, sekunde 12 tu nyuma ya Robert de Castella wa Australia. Ikangaa huyo ndiye aliyeshinda New York mwaka 1989 na kuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo. Kizazi kile kilikuwa na watu wa kuzidiana. Ardhi ya Manyara, Arusha na Singida haijashuka hata mita moja tangu wakati huo, na vijana wanaokimbia kwenda shule bado wapo. Kilichopungua ni kambi za kudumu na mashindano ya ndani ya kuwakutanisha mara kwa mara, maana kambi inayofunguliwa miezi michache kabla ya safari haimfundishi mtu kukimbia. Inamlisha vizuri tu na kumpima uzito.

Utaniuliza ni nani wa kulaumiwa. Mashirikisho ya michezo ndiyo yenye wajibu wa kuwatafuta na kuwaandaa wachezaji. TOC husimamia ushiriki wa Olimpiki na Jumuiya ya Madola na hupitisha misaada ya mafunzo inayotoka kwenye kamati ya kimataifa. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, husimamia mashirikisho. Na wizara ndiyo yenye mfuko. Kila mmoja akiulizwa huonyesha kidole kwa mwenzake, na kwa bahati mbaya kila mmoja huwa na hoja.

Mwanangu anaogelea. Ninaumia nikisikia watu wanasema waogeleaji wetu huenda Olimpiki kutalii kwa sababu hawavuki hatua ya kwanza. Naomba utufafanulie wanachaguliwaje. (Mama, Upanga)

Mama, pole kwa maneno hayo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na shirikisho la kuogelea la dunia huziruhusu nchi ambazo waogeleaji wake hawajafikia muda wa kufuzu kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa masharti kwamba wawe wameshiriki mashindano yanayotambuliwa na wawe na alama zinazostahili. Kwa utaratibu huo Collins Saliboko na Sophia Latiff waliiwakilisha nchi Paris. Nafasi hizo haziondoi nafasi ya mkimbiaji wala ya bondia, kwa hiyo anayesema zingepewa wengine hajui anachokisema.

Watu wa nje ya mchezo huu hawajui pia jambo la bwawa. Mashindano ya Olimpiki huogelewa kwenye bwawa la mita 50. Mabwawa ambayo watoto wa Dar es Salaam hufanyia mazoezi ni ya shule za kimataifa, ya klabu na ya mahoteli, na mengi yana mita 25. Katika mita 100, muogeleaji wa bwawa fupi hugeuka mara tatu na kila mara husukuma ukuta kwa miguu, akapata mwendo wa bure. Kwenye bwawa refu hugeuka mara moja tu, na ile sehemu iliyobaki yote ni kazi ya mikono na mapafu. Mtoto aliyelelewa kwenye mita 25 akitupwa kwenye mita 50 mbele ya dunia, kisha akarudi na muda bora kuliko aliokuwa nao nyumbani, mimi humhesabu kuwa amefanya kazi yake. Anayetaka kujua ni nani aliyekwenda kutalii aanze kwa kusoma orodha ya viongozi walioambatana na kikosi.

Birmingham 2022 mabondia wetu wawili walipata shaba, lakini wote walipigwa nusu fainali. Inakuwaje mtu apigwe halafu apewe medali? Na kwa nini vijana wetu hawakai kwenye ngumi za ridhaa? (Kocha, Manzese)

Kocha, la kwanza unalijua, nadhani unaniuliza kwa niaba ya vijana wako. Katika ngumi wanaoshindwa nusu fainali hawapambanishwi tena kugombea nafasi ya tatu, kwa hiyo wote wawili hupewa shaba. Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walizipata hivyo, na pamoja na fedha ya Simbu zikawa medali tatu, za kwanza kwetu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu Melbourne 2006. Ngumi zimetulea zaidi ya watu wanavyokumbuka. Titus Simba alifika fainali ya uzani wa kati Edinburgh mwaka 1970, akashindwa na John Conteh wa Uingereza na kurudi na fedha, na Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya uzani wa bantam huko Kuala Lumpur mwaka 1998.

La pili ni la tumbo. Kijana wa Manzese au Mbagala anayeweza kupigana raundi kumi na kulipwa usiku ule ule hatakaa miaka minne akisubiri posho ya kambi. Tangu mwaka 2016 mabondia wa kulipwa wanaruhusiwa kushiriki Olimpiki, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa, lakini raundi tatu za ridhaa ni mchezo mwingine: hakuna muda wa kumsoma mpinzani, na anayeanza taratibu amekwisha kushindwa. Wanaoweza kukaa ni wale walioajiriwa jeshini, polisi au magereza, ambao mshahara unaingia wapigane wasipigane. Sioni njia nyingine ya karibuni zaidi ya kuongeza ajira hizo, na sioni aibu kusema kwamba medali zetu nyingi zimevaa sare.

Michezo ya Glasgow inakaribia. Tutarajie medali ngapi? (Mwalimu wa michezo, Kigamboni)

Mwalimu, hapa ndipo ninapoogopa. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 ilikuwa ifanyike jimbo la Victoria, Australia, ambalo lilijitoa mwaka 2023 kwa sababu ya gharama. Glasgow ikaichukua kwa sharti la kuipunguza, na sasa itakuwa na michezo 10 tu, kuanzia tarehe 23 Julai hadi 2 Agosti. Riadha imo, lakini ni riadha ya ndani ya uwanja. Marathoni haimo.

Tafakari maana yake kwetu. Dhahabu zetu za Jumuiya ya Madola ni sita: ya Bayi mwaka 1974, mbili za Shahanga mwaka 1978 na 1982, ya Yombayomba mwaka 1998, ya Francis Naali huko Manchester mwaka 2002 na ya Samson Ramadhani huko Melbourne mwaka 2006. Ile ya Shahanga ya 1978, ya Naali na ya Ramadhani ni za marathoni. Nusu ya dhahabu zetu, na bingwa wetu wa dunia, vyote vinaangukia kwenye mbio ambazo Glasgow haitaziendesha. Na mita 1,500 zimebadilishwa kuwa maili moja, yaani mbio ambazo Mtanzania aliwahi kushikilia rekodi yake ya dunia. Leo sijui nimtaje nani wa kuzikimbia.

Wakimbiaji wetu huacha uwanja mapema mno na kwenda barabarani. Siwalaumu. Mbio za barabarani zina zawadi, waandaaji wa nje huwalipia tiketi, na hapa nchini kila mwezi kuna mji unaoandaa nusu marathoni, wakati mashindano ya uwanjani ni machache na hayana pesa. Lakini kasi hujengwa uwanjani, kijana akiwa bado chini ya miaka 20, na hata marathoni za siku hizi huamuliwa kwa kasi ya mita 200 za mwisho, kama tulivyoona Tokyo. Uwanja wa Benjamin Mkapa una njia ya kukimbilia inayouzunguka, na wengi wetu huiona tu tukiwa tunasubiri mpira uanze.

Kwa hiyo ukinilazimisha kutaja pa kutazama, nitasema ulingoni kwanza, kisha judo, halafu mita 10,000 kama tutakuwa na mtu aliyeandaliwa kwa ajili hiyo. Tukirudi na medali mbili za ngumi nitaona kikosi kimefanya vyema. Tukirudi bila kitu, naomba wanamichezo watakaokuwa Glasgow wasibebeshwe lawama ya mbio ambazo hazikuwapo.

Mbona mnawataja wanaume tu? (Binti, Mbagala)

Una haki ya kuuliza. Medali mbili za Olimpiki na dhahabu zote sita nilizozitaja ni za wanaume, na hiyo ni sehemu ya jibu la swali lililoanzisha ukurasa huu, kwa kuwa katika Olimpiki za siku hizi karibu nusu ya medali za riadha ziko upande wa wanawake na sisi upande huo tumeugusa kwa ncha ya kidole. Vipaji havijakosekana. Theresia Dismas alileta medali ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin ya 2023 kwa saa 2:18:41, muda ambao ungemweka mbele kabisa katika Olimpiki nyingi, kisha akaiwakilisha nchi Paris pamoja na Jackline Sakilu. Tangu mwaka 2017 yamekuwapo hapa Dar es Salaam mashindano ya riadha ya wanawake ya Ladies First, yaliyoanzishwa kwa ushirikiano na Wajapani, Juma Ikangaa akiwa mmoja wa wahamasishaji wake, na huko wasichana hukimbia mita 100, 200, 400 na kurusha mkuki. Ningependa kuona mashindano ya namna hiyo manne kwa mwaka.

Mjukuu wangu ana miaka 12 na hakuna mtoto wa mtaa huu anayemfikia kwa mbio. Nianzie wapi? (Bibi, Mwananyamala)

Shikamoo bibi. Anzia shuleni kwake. Mwambie mwalimu wa michezo amwandikishe kwenye mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ambayo huanzia ngazi ya shule na kata, yakapanda wilaya, mkoa hadi taifa, na huwa katikati ya mwaka, kwa hiyo uwahi kabla mchujo wa kata haujapita. Shule isipokuwa na mwalimu wa michezo, nenda ofisi ya Manispaa ya Kinondoni umuulizie Afisa Michezo. Atakuelekeza kwa viongozi wa chama cha riadha cha mkoa na siku wanazofanya mazoezi watoto. Chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa, maana umri ndio wanaouhoji kwanza. Viatu vya kukimbilia usinunue bado, na usikubali mtu yeyote amkimbize kilomita 21 kwa sababu ya fulana na medali ya kumaliza. Kwa umri wake mita 100 na mita 800 zinamtosha.